Dati na Ndugu Zake

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kulisema. Tangu nikiwa mtoto kwetu Vihingo, sikunywa maji kwenye kata iliyoguswa na mdomo wa mtu. Sikula andazi lililomegwa na kiganja chenye jasho. Mtu akipenga kamasi karibu na chungu, siku hiyo mimi nashinda na njaa. Wenzangu walikuwa wakila embe moja kwa midomo minne, mate na maji ya embe yanawachuruzika mpaka viwikoni, halafu wananinyooshea kokwa na kuniuliza kama sitaki. Nilikuwa nakimbia, nao wananifukuza na hilo kokwa lao wakicheka.

Mama yangu hakunikemea. Alinifundisha kukipanga kinyaa changu, kwani aliona uchafu si kitu kimoja. Tope la shambani, alisema, ni uchafu wa heshima, na mkulima hana haja ya kulionea haya. Shombo la samaki linakera pua tu. Muhogo ulioroweshwa unanuka mpaka jirani anafunga mlango, lakini ni chakula halali na unga wake mweupe. Taka zinafagiliwa, nongo inasuguliwa, janaba inaogewa. Iliyobaki ni najisi, nayo ina sheria zake, na nzito kupita zote ni ya mbwa na nguruwe. Chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, na moja katika hizo ni kwa udongo safi. Sabuni ya duka zima haiwezi kushika nafasi ya ule udongo.

"Kinyaa ni chako wewe," mama aliniambia. "Najisi ni sheria ya Mwenyezi Mungu. Usije ukavichanganya."

Niliolewa Kisarawe na mwalimu wa shule. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha na kaniki zimeanza kuonekana tena madukani. Alipoletwa kwetu na wazee wake, mimi niliyekuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango nilitazama kucha kwanza, uso baadaye. Kucha zake zilikuwa fupi na nyeupe, hata za vidole vya miguu. Nikamwambia mama huyu anafaa.

Siku ya harusi shangazi zangu walikuwa na wasiwasi, maana kwetu bwana harusi humlisha mkewe tonge mbele ya watu, na wote walinijua. Walidhani nitawaaibisha. Akalifinyanga tonge la wali taratibu, dogo, mviringo, akalichovya kwenye mchuzi, akanyoosha mkono. Nikafungua kinywa. Vigelegele vilivyopigwa pale utadhani nimejifungua mapacha. Toka siku hiyo tonge la kwanza la kila mlo lilikuwa langu, kutoka mkononi mwake, na ukiuacha mkono wa mama sikuwahi kula mkononi mwa mtu mwingine. Watoto Mungu hakutujalia. Tulikuwa na lile tonge, na mimi niliona tumepewa kingi.

Nyumba yetu ilikuwa pua na mdomo na darasa. Kuta za darasa zilikuwa nusu, juu yake uwazi mpaka kwenye makuti, kwa hiyo mimi jikoni nilisikia kila kilichosomwa na nikisimama nilimwona kila mtoto. Sikufundishwa Kiingereza hata siku moja. Lakini kuna neno moja ambalo lau ningefufuliwa kesho ningeamka nalo. Ni dirty. Watoto walilitamka dati, na mimi nitaliandika walivyolitamka, maana ndivyo lilivyoingia nyumbani kwangu.

Sababu ilikuwa mkaguzi wa shule. Mwalimu, nami nilimwita hivyo kama walivyomwita wote, alikuwa amedokezwa kwamba Mzungu huyo akija anapenda kusikia kivumishi kimoja na maneno yote yanayofanana nacho. Kulikuwa na shule mpya inajengwa Mkuza, upande wa Kibaha, inatafutiwa mwalimu mkuu. Ukaguzi ukienda vizuri, nafasi ni yake. Aliitaka nafasi ile mpaka ikawa anaiota mchana. Akila anaizungumzia, akifua kanzu yake anaizungumzia. Basi akachagua dati, kwa kuwa, alisema, mifano yake haitafutwi, darasa lenyewe limejaa mifano.

Watoto wakayaimba, na wiki nzima nikasonga ugali kwa wimbo huo. Dati, filthi, graimi, soild, faul, anklini. Jioni Mwalimu alinieleza kwa furaha ya mtu aliyepata mali. Alisema hao ni ndugu, kila mmoja na tabia yake. Graimi ni wa masizi. Filthi ni kaka mkubwa, uchafu uliokithiri. Faul ananuka. Na dati mwenyewe ana kazi nyingi: nguo ni dati, barabara ni dati, hata maneno ya mlevi ni dati, na mchezaji anayemkwatua mwenzake miguu refa asipoona, huyo naye Waingereza wanasema anacheza dati.

"Na mbwa?" nikamuuliza.

"Mbwa akikogeshwa si dati."

"Na najisi wanaiitaje?"

Akafikiri, tonge mkononi. "Anklini," akasema. "Yaani si safi."

"Si safi si najisi, Mwalimu. Hata mtoto anayetoka kucheza si safi."

Akacheka akasema Mzungu hatauliza hayo. Mimi nikaona watu hawa wana kabati moja tu, tope na mbwa na hila wanavitia humo humo. Lakini sikuwa na ugomvi nao. Kila watu na nyumba yao.

Siku ya ukaguzi baba yangu alikuja kutoka Vihingo alfajiri kwa miguu, kanzu ameikunja begani isipate umande. Wazee wachache walikuwa wamealikwa kumpokea mgeni na kula naye, na Mwalimu alitaka mkwewe aone heshima yake. Mimi nilikuwa nimepika pilau. Mchele niliupepeta na kuuchagua punje kwa punje, nyama nimeiosha mpaka maji yakatoka meupe, masufuria nimeyasugua kwa mchanga na majivu. Nasema hili kwa sababu ya yaliyofuata. Siku hiyo Kisarawe nzima hapakuwa na kitu kisafi kushinda pilau yangu.

Mkaguzi akaja na gari, na kutoka ndani ya gari akashuka mbwa. Alikuwa mkubwa, masikio yanayoning'inia, mweupe mwenye madoa ya kahawia, manyoya yamechanwa. Harufu ya sabuni yake ilinifikia jikoni. Akaingia darasani na bwana wake, akalala kwenye sakafu mbele ya meza, ulimi nje, mate yanadondoka tone baada ya tone. Watoto wa dawati la mbele wakainua miguu.

Wimbo ulikwenda vizuri. Dati, filthi, graimi, mpaka mwisho. Mkaguzi akatabasamu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha kwamba kuimba hata kasuku anaweza. Kila mtoto amwonyeshe kwa kidole kitu kimoja humu darasani ambacho ni dati.

Mtoto wa kwanza alisimama. Shati lake lilikuwa na doa la mkaa kifuani, na miguu yake ilikuwa na tope jekundu la bondeni mpaka magotini. Angeweza kuonyesha mwili wake mwenyewe popote. Akamnyooshea kidole mbwa. Mkaguzi akasema hapana, tazama vizuri. Akamwita wa pili. Naye akamnyooshea mbwa. Akawaambia wote waonyeshe pamoja. Vidole vyote vya darasa lile, vyenye wino, vyenye chaki, vyenye utomvu wa korosho, vikamwelekea mbwa aliyekogeshwa asubuhi.

Mzungu alicheka kwanza. Kisha uso ukamwiva. Akasema mbwa huyu ameogeshwa leo, kwa sabuni ile ile anayooga yeye mwenyewe, na kama mbwa ni mchafu basi na yeye ni mchafu. Akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, haya ndiyo unayowafundisha?"

Pale palihitaji sentensi moja tu. Alikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema kwamba hawa ni watoto wa Kiislamu, na kwetu mate ya mbwa yana sheria yake, na hakuna aliyekusudia kumtukana mtu. Mzungu angekasirika au asingekasirika. Mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikiingoja sentensi hiyo.

Mwalimu alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, chembamba. Akasema wajinga hawa, bwana, ni wajinga. Akapiga magoti kwenye sakafu, na suruali yake niliyoipiga pasi, akakikumbatia kichwa cha yule mbwa kama mtoto wa dada yake. Kisha akafungua kiganja cha mkono wa kulia. Mbwa akakilamba. Akakilamba kiganja, akapitisha ulimi katikati ya vidole, akarudi tena, mpaka mkono ukang'aa. Mwalimu akauinua juu watoto wauone, umelowa, uzi wa mate unaning'inia kwenye kidole gumba, akasema kwa sauti ya somo: "Mnaona? Si dati. Mbwa huyu ni safi."

Nikauweka mwiko chini. Si kwa mate peke yake. Nilijua mkono ule.

Akamwita yule mtoto wa kwanza aje naye alambwe. Mtoto akaficha mikono makwapani na kutikisa kichwa, machozi yanamtoka. Mwalimu akamtoa nje akasimame juani. Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika, na somo likaisha.

Chakula kilipakuliwa barazani. Mgeni aliwekewa meza, sahani na kijiko. Wazee walikaa mkekani na sinia kubwa katikati, Mwalimu mbele ya baba yangu. Mimi nilipita na birika na bakuli kuwanawisha. Nilipofika kwa Mwalimu nikainama nikamwambia polepole, "Udongo nimekuwekea nyuma ya jiko. Nenda mara moja."

Akatazama meza ya Mzungu. "Nyamaza," akasema bila kufungua meno. Akanyoosha mkono, nikammiminia, akausugua kwa sabuni mara moja, akaukung'uta. Na maji yale yale bado yanadondoka vidoleni, akauingiza kwenye sinia. Akachagua pande la nyama la mfupani, akaanza kumpasulia baba yangu, kwa adabu, kama mkwe anavyotakiwa.

"Baba, usile," nikasema.

Baba akasita. Mwalimu akacheka kile kicheko chembamba. "Mzee unamjua mwanao na kinyaa chake," akasema. "Labda ameona unywele." Wazee wakacheka. Baba naye akatabasamu, maana alinijua kweli, akanyoosha mkono kuipokea nyama.

Sikungoja aifikishe mdomoni. Nililivuta sinia lote kutoka katikati yao, punje zikamwagika mkekani, nikalibeba mpaka kwenye jalala nyuma ya jiko nikalimwaga. Nikarudi nikaichukua na ile nyama mkononi mwa baba. Mkaguzi akaweka kijiko chake chini, akauliza kitu kwa Kiingereza.

Mume wangu akamjibu. Sikuelewa maneno yote, lakini moja nililielewa, maana nilikuwa nimelipikia ugali wiki nzima. Alinyoosha kidole kuelekea jalalani, kwenye pilau yangu, akasema dati. Akaongeza na filthi, kwa msisitizo. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayejitahidi kuwafundisha watu usafi nyumbani kwake nao hawasikii.

Mzungu akanitazama kwa huruma. Akampigapiga Mwalimu begani. Mimi pale pale nikakumbuka kazi nyingine ya neno hilo, ile ya mchezaji anayemkwatua mwenzake miguu refa asipoona.

Nilimsindikiza baba mpaka njia panda. Hakuwa amekula, nikamfungia muhogo wa kuchoma kwenye jani la mgomba. Nikamweleza yote.

"Nilitia kitu mdomoni?" ndilo alilouliza kwanza.

"Hapana, baba."

"Alhamdulillahi." Akatembea hatua kadhaa. "Basi mwambie anawe kama sheria inavyosema, yaishe. Mwanamke haachi nyumba yake kwa jambo la maji na udongo, mwanangu."

"Ndivyo nitakavyomwambia. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi."

Nami nilitaka yaishe. Watu wasifikiri nilitaka ugomvi. Nilichota udongo mzuri, mwekundu, mahali pasipopitiwa na mnyama, nikaupepeta, nikautia kwenye kifuu cha nazi nikakiweka kando ya mtungi. Jioni Mwalimu alirudi amechangamka, akasema mkaguzi amefurahi. Akakaa mkekani, akafinyanga tonge, akaninyooshea.

"Nawa kwanza," nikasema. "Kifuu kile pale."

"Nimenawa kwa sabuni."

"Sabuni haina udongo."

Tonge likabaki hewani. "Nikinawa kwa udongo," alisema, "ni kukubali kwamba watoto walikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwongo."

"Ndiyo."

"Mkono wangu si dati."

Akalirudisha tonge kwenye sahani. Mimi nikanyanyuka nikapakua chakula changu kwenye sahani nyingine, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ya sahani mbili. Akawa na kata yake na kikombe chake. Sala zake sikuzihoji, zilikuwa baina yake na Mola wake. Ila mkono ule sikuutia kinywani.

Nafasi ya Mkuza aliipata. Tulihama na mizigo yetu, na nilichokishika mwenyewe mapajani njia nzima ni kile kifuu. Pale Mkuza nyumba ilikuwa ya bati, na bustani, na watu walimwamkia Mwalimu kwa kuvua kofia. Nikaweka kifuu kando ya mtungi. Udongo ukikauka na kupeperuka nautia mwingine. Wageni walidhani ni wa kupandia mbegu. Yeye alikuwa akikipita kila akienda kunywa maji, na hakukitazama, jinsi mtu asivyomtazama anayemdai. Miaka ikaenda hivyo, naye hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakunitukana, kitambaa cha sikukuu hakikukosekana. Lakini nikimwona anapiga ubao kwa ule mkono, anaeleza watoto habari za usafi, nilitamani kutema.

Halafu Mwenyezi Mungu, ambaye hana haraka, akamleta mbwa.

Mkaguzi alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Gari lake likasimama mbele ya nyumba yetu, akamshusha yule mbwa, sasa mzee, anayumba. Akasema hawezi kwenda naye safari ya meli, atakufa njiani, na katika nchi nzima amemkumbuka Mwafrika mmoja tu aliyempenda mbwa huyu kwa moyo. Akampa Mwalimu kamba mkononi. Machozi yalimlengalenga yule Mzungu, na sikuona kwamba anaigiza. Nilimtazama mume wangu. Midomo ilimcheza kama mtu anayetafuta sentensi. Nikasema moyoni, haya, sentensi yenyewe ndiyo hii, imekuja tena mpaka mlangoni, iseme. Akasema, "Thenkiyu, sa."

Nilimwambia Mwalimu kizingiti changu mbwa hatakivuka, na hakukivuka. Alifungwa kwenye mkorosho. Huko chini ya mkorosho nikaona filthi na faul kwa macho yangu, ndugu wote wamekutana. Tongo za manjano zilimgandia machoni. Kupe walimjaa masikioni wamevimba kama mbegu za nyonyo. Sikio moja lilikuwa na kidonda chenye nzi wa kijani, na fizi zake zilioza, mate yakatoka mazito, mithili ya mlenda, yananing'inia mpaka chini na kushika mchanga. Meno yalipomwisha Mwalimu akawa anamvurugia ugali kwa maji, anamlisha kwa mkono. Kila Jumamosi alimwogesha kwa sabuni, na ndivyo alivyozidi kunuka. Upepo ukigeuka, harufu inaingia mpaka kwenye chumvi. Wazee wakaacha kuja barazani kwetu. Watoto wakampa jina, Mwalimu wa Mbwa, na wakipita walibana pua kabla hawajamwamkia.

Mimi mbwa sikumchukia. Mbwa hakusema uongo. Niliyekuwa nikimtazama kwa kichefuchefu ni mtu mzima anayechuchumaa chini ya mkorosho kila asubuhi, anapakwa mate mpaka kiwikoni, kwa sababu siku moja aliona haya kusema jambo dogo la kweli.

Mbwa alikufa wakati wa masika. Hakuna jirani aliyetoka kusaidia. Mwalimu alimfunga kwenye gunia, akachukua jembe, akaenda kumfukia peke yake nyuma ya mikorosho, mvua inamnyeshea. Mchana akarudi. Akasimama nje ya mlango wa jiko, hakuingia. Alikuwa amelowa, amezeeka ghafla, mikono yake ina tope mpaka viwikoni.

"Mke wangu," akasema, "nimiminie maji."

"Sabuni ile pale dirishani."

"Sitaki sabuni. Lete kifuu chako." Akaitazama mikono yake. "Au basi, udongo ninao."

"Huo umechanganyika na mbwa," nikamwambia. "Utoe huo kwanza."

Akacheka kidogo, cheko lake la zamani, lile la kabla ya mkaguzi. Nikaenda kuchukua mtungi na kifuu. Nilikuwa nimeungoja wakati ule miaka na miaka. Nilimwosha tope kwanza mpaka likaisha. Kisha nikachanganya udongo wa kifuu na maji, nikampaka kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya kila kidole, nikasuuza. Moja. Nikamimina tena. Nilihesabu kwa sauti, naye akafuatiza kwa midomo, kama watoto wake walivyokuwa wakimfuatiza darasani. Tulipofika saba akaugeuza mkono huku na huku. Ngozi ilikuwa imekunjamana kwa maji na kucha zake zilikuwa nyeupe.

"Watoto walikuwa sahihi," akasema. "Yule niliyemsimamisha juani alikuwa sahihi."

"Ndiyo."

"Sasa ni safi?"

"Ni twahara," nikamjibu, na nilisema kweli.

Akabadili nguo akakaa mkekani. Nilikuwa nimepika wali na kunde. Nikapakua sahani moja, si mbili, nikaiweka katikati yetu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Sheria imetimia. Hata mama yangu angekuwepo angesema imetimia. Akasema bismillahi. Akafinyanga tonge taratibu, dogo, mviringo, akalichovya kwenye mchuzi, akaninyooshea. Hakuwa amesahau kipimo cha kinywa changu.

Nikautazama mkono. Nikaona ulimi unapita katikati ya vidole. Nikamwona ameuinua juu, uzi wa mate unaning'inia kwenye kidole gumba, halafu nikauona umenyooka kuelekea jalalani kwenye pilau yangu, nikalisikia neno. Nilikiambia kinywa kifunguke. Nilikiambia kwa nguvu zangu zote, maana nilimhurumia yule mzee na nililitaka lile tonge. Meno yalikuwa yameshikamana.

Akaendelea kulishika, akinitazama, mchuzi ukamchuruzika mpaka kwenye kifundo cha mkono na punje mbili zikaanguka mkekani. Mwisho akalirudisha, akalila mwenyewe polepole, macho chini.

Nikanyanyuka nikaenda kuleta sahani ya pili.